Mwasho wa Pua kwenye Meza ya Saba

...na bado inaniwasha, upande wa kulia, pale pale barakoa ilipokunjika, na siwezi kuigusa, mikono nimeiinua mbele ya kifua kama mtu aliyekamatwa na polisi akiiba kuku, glavu zinang'aa, tangu nizaliwe sijawahi kuwa na mikono safi namna hii, nimeisugua kwa brashi dakika kumi nzima, kucha, vidole, katikati ya vidole, hadi viwiko, na sasa haina ruhusa ya kugusa kitu chochote duniani isipokuwa vyombo na nguruwe, hata pua yangu mwenyewe, pua niliyokuja nayo kutoka tumboni mwa mama, leo imekuwa jalala, na Profesa Burbano anapita kati ya meza akisema, vijana, aliyejigusa amekwisha, na Wilmer, aliye upande wa kichwa cha nguruwe na chupa yake ya dawa ya usingizi, anasema, bado, profesa, wa kwetu bado hajalala vizuri, sawa, nasubiri, kusubiri si kazi ngumu, ng'ombe husubiri siku nzima, ila ng'ombe ana mkia wa kujipangusia. Nguruwe amelala chali, miguu minne imefungwa kamba kwenye pembe za meza, tumbo tumelinyoa na kulipaka iodini, na Marleny, msaidizi wangu, amelifunika kwa shuka la kijani lenye tundu katikati, pamebaki dirisha la ngozi lenye ukubwa wa kitabu cha sala, Profesa anasema shuka ni kwa ajili ya vijidudu lakini mimi naona shuka ni kwa ajili yetu, ukitazama dirishani unaona kazi, ukitazama upande wa kichwa unaona Eliseo, hapana, si Eliseo, Saba, nguruwe namba saba wa meza ya saba, maana sheria ya kwanza imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, MNYAMA WA MAZOEZI HAPEWI JINA, na chini yake mwanafunzi mmoja wa zamani aliandika kwa kalamu, wala wewe, na hakuna aliyefuta.

Kazi yenyewe ni fupi kuisema, unafungua, unatoa bandama, unafunga mishipa, unashona, Profesa anapita na karatasi yake anatoa alama, halafu anapita mara ya pili na sindano ya mwisho, hatuwaamshi, hivyo ndivyo anavyosema, hatuwaamshi, kama hoteli inayojivunia utulivu wake, na baada ya hapo mkokoteni, na shimo la chokaa nyuma ya uwanja wa mpira, na saa saba tunakula supu ya mahindi kantini, na mimi ndiye mpasuaji, Marleny alikunja vikaratasi vitatu akavitia kwenye kofia ya Wilmer na mimi nikachomoa kile chenye msalaba, Wilmer akapata dawa ya usingizi, Marleny akapata kushika ndoano na kuhesabu vipande vya shashi, naye anavihesabu sasa hivi kwa sauti ya chini, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, Marleny anaishi kwa masista na huhesabu kila kitu kama rozari. Eh, pua hii. Nimejaribu kuikunja, nimejaribu kupumua kwa nguvu, nimejaribu kumfikiria mtakatifu wa pua kama yupo, na kila nikijaribu namkumbuka Yurani Pazmiño wa mwaka jana, meza ya pili, aliyejikuna nyusi, nyusi tu jamani, kwa mgongo wa kidole, kisha kidole hicho hicho akakiweka juu ya vyombo, na kila meza ina kifurushi kimoja tu cha vyombo kilichotakaswa kwa mvuke, hakuna cha pili hadi mwezi ujao, kwa hiyo Profesa akasema maneno yake matatu, meza imefungwa, Pazmiño, akampa sifuri, Yurani peke yake, wenzake wawili wakahamishiwa meza nyingine, na kondoo wao akarudishwa alikotoka, yaani kwa baba yake Yurani, na mpaka leo Yurani anarudia mwaka na kondoo amezaa mapacha. Tulimcheka sana. Nilikuwa naota jana kwamba pua yangu inaanguka yenyewe juu ya vyombo, bahati mbaya tu, mimi sina kosa, pua ilikuwa imelegea.

Bado, profesa, anasema Wilmer tena, na Profesa yuko meza ya tatu, mgongo ametugeuzia, anamfokea mtu kuhusu fundo, fundo gani hilo, wewe unafunga mshipa au unafunga zawadi, na mimi najisemea, Deyanira, tazama dirisha, usitazame kichwa, unajua kukata, umekata mipira, umekata ngozi za ndizi, umeshona mito yote ya Doña Ermila ikapasuliwa na kushonwa tena, na hapo ndipo nilipofanya kosa, kumtaja Doña Ermila, mwenye nyumba wangu, maana akishaingia kichwani hatoki kabla hajamaliza kusema. Kosa la kwanza lakini si langu, ni la dawa. Dawa ya usingizi haitoshi, haijawahi kutosha, na mnyama mwenye hofu hula dawa maradufu, kwa hiyo katika kitivo hiki kuna utaratibu, kila kikundi kinamchukua mnyama wake siku kumi na tano kabla na kinakaa naye, kinamlisha kwa mkono, kinamkuna mgongo, kinamwimbia ikibidi, hadi awazoee na siku ya mtihani aje mwenyewe kwa miguu yake akitikisa mkia na alale kwa nusu chupa, Profesa anaita kumzoesha, urafiki ni nusu ya dawa, alisema, na tukaandika kwenye madaftari, watu thelathini na wawili tuliinamisha vichwa tukaandika urafiki ni nusu ya dawa na hakuna aliyenyanyua kichwa kuuliza, nusu ya pili ni nini. Wilmer anaishi chumba ambacho hata redio inabanwa, Marleny kwa masista haiwezekani, kwa hiyo Saba akaja kwangu, yaani uani kwa Doña Ermila, nikamwambia, mama, huyu ni wa chuo, ni wa siku kumi na tano tu, na Doña Ermila akamtazama amelala kwenye gunia, akasikiliza, akasema, anakoroma kama marehemu mume wangu. Kesho yake asubuhi nikamsikia anaita uani, Eliseo, njoo unywe maji, nikadhani mama wa watu amerukwa na akili, nikatoka mbio, nikasema, mama, haruhusiwi kuwa na jina. Nani kasema? Profesa. Huyo profesa yeye ana jina? Anaitwa Burbano, mama. Basi asimnyime mwenzake, akasema, na akaendelea kumimina maji.

Mtu asidhani Doña Ermila ni wa kulialia. Kila Desemba anachinja nguruwe kwa mkono wake, barabara nzima inajua, damu inakuwa soseji, ngozi inakaangwa, kichwa kinakwenda kwa padri, miguu inakwenda kwenye maharage, na mkia anakula yeye mwenyewe amesimama mlangoni ili kila mtu amwone, kwa hiyo nilipoamua juzi asubuhi kumwambia ukweli, tukiwa tunamenya viazi, sikuogopa machozi, niliogopa maswali, na maswali ndiyo yaliyokuja. Baada ya hapo mtamla? Hapana, mama, nyama itakuwa na dawa, hailiki. Mtamuuza? Hapana. Kwani anaumwa? Hapana, mzima kabisa, lazima awe mzima. Hiyo bandama mnayomtoa ina ubaya gani? Haina ubaya wowote. Akaacha kumenya, Doña Ermila ambaye aliendelea kumenya viazi siku tetemeko lilipoangusha mnara wa kanisa, akaacha kumenya, akasema, ngoja nielewe, mwanangu, mnamchukua mtu mzima wa afya, mnamfungua, mnamtoa kitu kisichokuwa na ubaya, mnamshona vizuri, halafu mnamuua. Ndiyo, mama. Na kumshona mnamshonea nini? Nikatafuta jibu kwenye ndoo ya maganda. Nikasema, kushona kuna alama thelathini, mama. Akarudi kwenye kiazi chake, akasema kwa upole, mimi nimechinja nguruwe arobaini na mmoja, na kila mmoja nakuambia alikufa kwa ajili ya nini na sikio lake alikula nani. Basi. Angenifokea ningefurahi, mtu akikufokea unapata cha kujibu.

Sasa nijitetee, maana hapa hakuna wa kunitetea, Marleny yuko shashi ya kumi na mbili kwa mara ya pili, nijitetee kwa Golondrina. Golondrina alikuwa ng'ombe wa mama yangu, ng'ombe mmoja, wa pekee, na ndama alikaa vibaya tumboni, na mji ukatuletea daktari mpya, daktari Ovidio, kijana mwenye buti zisizo na tope, amesoma nchi nyingine huko wanakojifunzia kwa picha na sponji, mvua inanyesha, mimi nina miaka kumi na mmoja nimemshikia mwavuli, naye anasema msiwe na wasiwasi, akampasua ubavuni akiwa amesimama, vizuri tu, mstari ulionyooka kama wa rula, halafu damu ikaja, ya kweli, ya moto, inayotoka kwa kurukaruka, na daktari Ovidio akarudi nyuma hatua mbili akafungua daftari. Alifungua daftari. Mvua inanyeshea maandishi, yeye anapekua kurasa, na Golondrina akapiga magoti kama anayeingia kanisani, na ndama hakutoka. Mama hakumtukana. Alimkaribisha ndani akamtengenezea kahawa ya moto, akamtilia vipande vya jibini kikombeni kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, jibini la mwisho la Golondrina, na daktari Ovidio akalila huku analia, na mimi nimesimama na mwavuli wangu ndani ya nyumba nikaapa kwamba nitakuwa daktari asiyefungua daftari. Kwa hiyo Profesa Burbano aliposema siku ya kwanza, mnataka kujifunzia wapi, kwenye ng'ombe wa mjane, mimi nikasema huyu ananisema mimi, huyu anamjua mama yangu, na tangu hapo kila hoja ya Doña Ermila nikiishika mkononi Golondrina anaikanyaga. Lazima mkono ujifunze mahali. Lazima damu ya kwanza iwe ya mtu fulani. Haya, iwe ya Saba. Lakini pua yangu haina habari na hoja hizi, inawasha vile vile.

Tena nilimuuliza, si kwamba sikuuliza, mwezi wa pili, darasa limejaa, nikasema, profesa, pale uwanjani mbele ya kanisa kuna mbwa majike wanazaa mara mbili kwa mwaka hadi wanatembea wanaburuta chuchu, na yule mama wa duka la mikate kila siku anaomba mtu amfunge kizazi paka wake, hao wanahitaji kisu kweli, na wakishashonwa wanaamka, wanakwenda zao, kwa nini tusijifunze kwa hao. Profesa akavua miwani. Akasema, hao wana wenyewe, Pantoja, na wenyewe hulalamika. Darasa likacheka, na mimi nikacheka, nilicheka kuliko wote, nilicheka kwa sababu nilikuwa nimesimama na mtu aliyesimama peke yake hucheka haraka ili aruhusiwe kukaa, na naona aibu, naiona sasa hivi, hapa, imepanda hadi masikioni ndani ya kofia hii, kwa sababu lile lilikuwa jibu la kweli na mimi nililifanya mzaha. Wenyewe hulalamika. Kwa hiyo hatukumchagua nguruwe kwa kuwa bandama yake inafanana na ya nani, wala kwa kuwa ngozi yake ni nzuri kwa sindano, tulimchagua kwa kuwa hakuna wa kumlalamikia, na ili dawa itoshe tukatafuta wa kumpenda, siku kumi na tano, tukitegemea kwamba anayempenda ni mwanafunzi na mwanafunzi halalamiki, mwanafunzi anataka alama. Ila katika hesabu zote hizo walimsahau mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba gani. Doña Ermila analalamika kama wengine wanavyofuma sweta. Amelalamika kuhusu maji hadi wakahamisha bomba, amelalamika kuhusu kengele ya kanisa kwamba inachelewa dakika nne, ikatengenezwa, amelalamika kwa meya kuhusu sanamu ya meya. Jumapili ile ya kubariki wanyama alimfunga Eliseo utepe mwekundu shingoni akampanga foleni katikati ya farasi na kasuku, na padri na brashi yake ya maji ya baraka akauliza, huyu anaitwa nani, akasema, Eliseo, padri, kama marehemu, na padri, ambaye ndiye aliyemzika marehemu, akauliza, na anakwenda wapi huyu, utepe wote huu, akasema, anakwenda chuo kikuu, padri, na foleni nzima ikacheka, hata mwenye kasuku, na Doña Ermila akaongeza, Eliseo wa kwanza hakumaliza hata darasa la nne. Akanyunyiziwa maji. Nilipokuwa namsugua iodini leo asubuhi niliwaza kwamba mahali pale pale tumboni pameshapita maji ya padri, na sijui kati ya hayo mawili lipi linaua vijidudu zaidi. Na leo tulipokuwa tunatoka alikuwa amemwogesha kwa sabuni yake mwenyewe ya ndimu, ile asiyoniazima mimi, Eliseo analia njaa maana anayekwenda kupewa dawa ya usingizi halishwi, na mimi namvuta kwa kamba ambayo hata haikuhitajika, ananifuata, pua yake kwenye mfuko wangu anakonusa maganda ya viazi ya jana, na mama wa watu amesimama mlangoni mikono kwenye aproni akauliza, mtu akiwa na malalamiko kuhusu chuo, dirisha lake liko wapi? Nikamwambia, mama, kule hakuna dirisha la malalamiko. Akasema, nchi gani hiyo. Akafunga mlango.

Bado, profesa. Hiyo ni mara ya tatu Wilmer anasema bado, na sasa nasikia kitu, siku kumi na tano nimelala ukuta mmoja nacho, mwanzo kama mlango wa zamani unaofunguliwa, kisha kama kiti kinachovutwa, kisha kimya, kisha mlango tena, Eliseo anakoroma, anakoroma vile ambavyo Doña Ermila husema hata radi ikipiga jikoni hageuki, na nasahau dirisha, natazama kichwa, na ndiyo, mdomo umefunguka upande mmoja, sikio limeanguka, na Wilmer Botina ameshika kibano, anambana katikati ya kwato, kama tulivyofundishwa, ukibana na mguu ukavutika basi bado, ukibana na mguu ukatulia basi tayari, anabana, anabana kwa nguvu hadi vidole vyake vimekuwa vyeupe, na mguu hauvutiki hata kidogo, na Wilmer anasema kwa sauti ya mtu mwaminifu kabisa, bado, profesa. Marleny amenyanyua macho kutoka kwenye shashi. Anakoroma, ananong'ona. Ni baridi ya asubuhi, anasema Wilmer. Nguruwe anayekoroma ndiye aliyelala, Wilmer, anasema Marleny, Marleny wa masista, Marleny aliyeripoti mwaka wa kwanza kwamba amezidishiwa alama mbili, na Wilmer anatazama kibano chake, na juu ya barakoa macho yake yamejaa maji, jitu lote lile, linalobeba magunia ya viazi mawili mawili wakati wa likizo. Namsubiri Marleny amwite Profesa. Marleny ananitazama mimi, anatazama kwato, halafu anashika rundo la shashi aliloshamaliza kulihesabu mara mbili na kuanza upya, moja, mbili, polepole, kama mtu anayetafuta moja iliyopotea, na haijapotea.

Kumbe tuko watatu. Watatu tunasubiri pua ya mtu mmoja iwashe vya kutosha. Na hapa ndipo Golondrina anapokuja tena, najua, anakuja kukanyaga, njoo mama, njoo ukanyage, lakini safari hii anasimama tu ananitazama, na mimi namtazama daktari Ovidio, si daftari lake, hatua zake mbili za kurudi nyuma, na naona kitu ambacho miaka kumi na miwili sikukiona nikiwa nimeshika mwavuli. Kukata alijua. Mstari ulinyooka. Hakujua mnyama ambaye lazima asimame tena kesho. Na mimi hapa meza ya saba nitajifunza nini? Fundo langu likiteleza kesho, hakuna kesho. Nikisahau shashi moja tumboni, inakwenda na mwenyewe kwenye chokaa. Nitatoka hapa na alama zangu thelathini za kushona na mkono usioogopa chochote, na siku moja nitakuwa kwenye zizi la mjane, mvua inanyesha, mkono wangu hauogopi, na fundo langu halijawahi kumfikisha mtu yeyote asubuhi. Hatuwaamshi. Ndiyo hiyo nusu ya pili ambayo hatukuuliza. Kumbe kinachotakiwa ni mbwa wa uwanjani, na mwalimu nyuma ya bega lako, na mwenye mbwa mlangoni mikono kwenye aproni, kesho anarudi, keshokutwa anarudi, anasema mbona anachechemea, mbona hali, nani kamshona huyu, hiyo ndiyo shule, mwenyewe anayelalamika ndiye nusu ya masomo, na sisi tumemkimbia miaka yote tukaita mazoezi. Nina hasira. Nina hasira na nusu ya hasira yangu inanihusu mwenyewe, niliyecheka.

Basi nijikune. Rahisi, kama Yurani, mgongo wa kidole, samahani profesa, imenitoka, sifuri, na mkono juu ya vyombo, meza imefungwa, Pantoja, na Eliseo anarudi alikotoka, na alikotoka ni kwa Doña Ermila, na nani atakwenda kumtoa tena pale mwezi ujao, labda wapeleke jeshi. Mwaka wangu unakwenda. Mama ananiita daktari tangu siku nilipopanda basi, Jumapili huwaambia majirani daktari wangu amepiga simu, daktari wangu amepata mafua, nitamwambia, mama, daktari wako anarudia mwaka wa nne kwa sababu ya nguruwe, na atanyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma kuliko sifuri. Lakini nitamwambia pia kwamba nilimkumbuka Golondrina, na zile hatua mbili za daktari Ovidio. Atatia jibini kwenye kahawa, namjua. Ila si kama Yurani, hapana, kwa sababu nikijikuna kwanza itakuwa bahati mbaya, itakuwa kichekesho cha kantini, pua ya Pantoja, na mwezi ujao meza ya saba inaletewa kondoo, na mwaka ujao wengine thelathini na wawili wanaandika urafiki ni nusu ya dawa. Niseme kwanza, halafu nijikune. Aone, asikie, aandike kwenye karatasi yake kwamba sikuteleza.

Profesa, nasema, na sauti inatoka nyembamba, barakoa inaimeza nusu, huyu nguruwe ana wenyewe. Profesa Burbano yuko meza ya tatu, ameinama juu ya fundo la watu, hageuki. Subiri zamu yako, Pantoja, anasema, nakuja. Hakusikia, au alisikia nusu, si kitu, nitarudia, nina maneno na nina sauti na akikosea hesabu nitamletea na Doña Ermila mwenyewe, dirisha lipo au halipo. Bado, profesa, anasema Wilmer, ingawa safari hii hakuna aliyemuuliza. Tisa, anasema Marleny, kumi. Eliseo anavuta kiti chake, ananyamaza, anafungua mlango wake wa zamani. Mikono yangu iko juu, safi, haijagusa kitu, na pua inawasha upande wa kulia, pale pale, wala sishindani nayo tena, naiacha iwashe, namtazama Profesa mgongo tu, ageuke, nijikune.